Msomaji mmoja au shindano: andiko lako la kwanza lianzie wapi?

Wengi wenye daftari la hadithi lililofichwa kabatini huona shindano ndilo salama zaidi. Majaji hawakujui, hutawaona usoni, na ukikosa hakuna jirani atakayejua. Tuzo zipo: ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tarehe ya mwisho nayo humsukuma mtu amalize. Tatizo ni ukimya. Usiposhinda, mara nyingi huambiwi kilichopungua, na mwenye hofu huuchukua ukimya huo kama hukumu kwamba hafai.

Msomaji mmoja anatisha zaidi, maana utakuwepo akisoma. Hata hivyo mimi namchagua yeye kwanza, tena bila kusita. Usimpe muswada mzima. Mpe kurasa mbili na penseli, umwombe aweke alama pale alipochoka au alipopotea. Usimuulize kama ni nzuri, rafiki atakusifu tu. Akiweka alama pembeni mwa mazungumzo ya wifi na bi harusi, unajua kabisa pa kurekebisha, na hofu inapungua kwa sababu sasa una kazi mkononi. (Kwa shairi, soma kwa sauti: mizani ikipwaya, msikilizaji huisikia papo hapo.)

Mwenzi wa ndoa simshauri kwa mara ya kwanza. Atajitafuta humo ndani. Shindano liko palepale, litangoja muswada uliokwisha kusomwa na mtu.