Vitabu vitano, viwili kati yake nusu

Naanza na muuzaji, maana hasira yangu kwake haijaisha. Ukiona tangazo la "seti kamili ya A Song of Ice and Fire, vitabu vitano", yaani zile riwaya za George R. R. Martin, usitume hela kabla hujaletewa picha ya migongo ya vitabu. Mimi vitano nilivipata kweli. Vilifika Tabora kwa basi, kipindi kile maembe yanaanza kudondoka yenyewe, ndani ya boksi la sabuni lililofungwa vizuri hadi raha. A Game of Thrones, kipo. A Clash of Kings, kipo. Cha tatu, A Storm of Swords, chini yake kwa herufi ndogo: 1, Steel and Snow. Cha nne A Feast for Crows. Cha tano A Dance with Dragons, nacho chini yake: 1, Dreams and Dust.

Anayevijua vitabu hivi ameshashika kichwa. Toleo la Uingereza la jalada laini limekata kitabu cha tatu na cha tano vipande viwili viwili, kwa hiyo hadithi ya vitabu vitano inakaa kwenye juzuu saba. Toleo la Marekani halikukata. Huko vitano ni vitano, ila Storm peke yake inapita kurasa elfu moja. Huyu bwana alikuwa na toleo la Uingereza, akahesabu hadi tano, akafunga boksi. Blood and Gold, nusu ya pili ya Storm, haimo. After the Feast, nusu ya pili ya Dance, haimo.

Nikamwandikia kwa adabu zote. Jibu: "Bosi, seti ni vitabu vitano. Umepata vingapi?" Vitano. "Sasa?" Nikamwambia hiyo ni sawa na kuniuzia kipande kimoja cha kanga ukakiita doti. Tiki mbili za bluu, kisha picha yake ikapotea. Kanibloku.

Mtu atasema ruka tu, endelea na cha nne. Jaribu uone. Nusu ya pili ya Storm ndiyo inayobeba karibu kila pigo lililokuwa linatayarishwa tangu ukurasa wa kwanza wa mfululizo. Ukiivuka, unafungua Feast na kukuta watu wa Dorne, nchi mojawapo ya hadithi, wanamlilia marehemu ambaye hujamuona akifa. Geuza kurasa chache, malkia Cersei anaamshwa usiku anaambiwa nani kauawa na nani anashukiwa. Jina silitaji, mimi si muuzaji wa vitabu.

Kinachoniuma zaidi ni Jaime. Kwenye kitabu cha kwanza anamsukuma mtoto dirishani, na unamchukia kwa moyo mweupe. Kwa vitabu viwili mwandishi hakupi sura hata moja ya kumsikia yeye mwenyewe; watu wanamwita Muua Mfalme na wewe unaitikia. Kitabu cha tatu ndipo anapewa sura zake, na humo humo, kwenye nusu ya kwanza, anakatwa mkono wa kulia, ule wa upanga. Ndiyo kwanza unaanza kuona aibu ya kumhurumia, karatasi zinaisha. Kwenye Feast anatokea yuko mjini King's Landing, na hujui amerudije wala njiani amegeuka nini. Badiliko lote la mtu limebaki kwenye boksi la mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema mfululizo huu si wa kusoma kwa kudokoa. Hakuna mwema wa kukushika mkono. Mpiganaji Sandor Clegane anamuua mtoto wa muuza nyama, halafu kitabu kinachofuata anamtoa msichana Sansa katikati ya watu wenye fujo, na mwandishi hakuambii uyajumlishe vipi. Kwa mtu wa Tabora hilo si geni. Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, ni shujaa aliyewabana Waarabu wa hapa kwenye njia ya misafara. Na ni huyo huyo ambaye rugaruga wake, yaani askari wake, waliacha vijiji majivu. Wanaosimulia hivi na wanaosimulia vile, wote wanasema kweli.

Kwa anayeanza: karibu kila sura imepewa jina la mtu ambaye unaona kwa macho yake, na kitabu cha kwanza kina wanane ukiacha utangulizi. Chukua daftari la kaunta, mpe kila mmoja ukurasa wake, andika yuko wapi na nani kamdanganya. Nyuma ya kila kitabu kuna orodha ya koo na watu wao. Weka alama hapo mapema, lakini soma ya kitabu unachosoma tu, ya kitabu cha mbele inataja waliokwisha kufa. "Ser", cheo cha shujaa wa farasi, si kosa la chapa. Ukifika Feast usishtuke kukosa sura za Tyrion, Jon na Daenerys. Ziko Dance, kwa sababu vitabu hivyo viwili vimegawana watu, na sehemu kubwa inatokea wakati mmoja. Ukinunua toleo la Marekani, Storm usiipasue katikati siku ya kwanza. Fungua kurasa chache mbele, chache nyuma, ukielekea kati taratibu. Gundi ya mgongo iliyokauka kwa joto la safari huvunjika mara moja, na karatasi zinaanza kutoka kama karata.

Nyota? Nilitaka kutoa moja, kwa hasira. Hadithi yenyewe ni tano. Feast inajikokota, basi nne na nusu. Lakini tuseme ukweli: Dance ilitoka 2011, na mpaka naandika hapa cha sita hakijatoka. Hata ningepata juzuu zote saba, mkononi ningekuwa na hadithi isiyo na mwisho. Sasa huyu wa boksi la sabuni nimlaumu kwa lipi, wakati mwandishi mwenyewe hajawahi kuuza seti kamili?

Hapana, namlaumu. Mwandishi hajanibloku.

Kama kuna mtu Tabora mjini ana Blood and Gold, hata imetoka jalada, nabadilishana na Dreams and Dust. Bado haijafunguliwa.