Chokaa ya nyumba ya mawe: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwaka jana nilinunua mifuko kumi na miwili ya chokaa kwa ajili ya ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, Mji Mkongwe. Mifuko ilikuwa mizima, imeshonwa vizuri, na chokaa yenyewe nyeupe pe. Fundi akapiga lipu, akaifunika kwa magunia, tukainyunyizia maji wiki mbili nzima. Baada ya miezi miwili mama alipitisha kiganja ukutani, kikarudi kimejaa unga. Ukikwaruza kwa ukucha, lipu inamomonyoka. Tulimlaumu fundi, naye hakuwa na kosa. Tatizo lilikuwa ndani ya mfuko tangu dukani: chokaa ile ilikuwa imekufa.

Tangu upande mmoja wa Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapa Zanzibar, uporomoke tarehe 25 Desemba 2020, sisi tunaoishi kwenye nyumba za mawe tunazikagua kuta zetu kwa hofu, na barua za wasomaji kuhusu chokaa zimezidi. Karibu wote wanauliza weupe, ulaini na bei. Hayo siyagusi. Mimi nauliza jambo moja tu: ina umri gani, na muda huo wote imekaa wapi?

Sababu ni hii. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye moto wa nyuzi 900 hivi, hewa ya kaboni iliyomo hutoka. Likitiwa maji, linachemka na kuvunjika kuwa unga au uji. Ukishaupaka ukutani, uji ule unaivuta tena hewa ileile polepole na kurudi kuwa jiwe. Huko ndiko kushika kwake. Lakini chokaa haichagui mahali. Mfuko ukikaa miezi stoo, kwenye unyevu wetu wa pwani, inaivuta hewa humohumo mfukoni na kugeuka unga wa jiwe. Ukija kuupaka, hauna tena nguvu ya kushika kitu. Kwa macho huwezi kuutambua, maana weupe ni uleule.

Kwa hiyo nenda dukani na siki, au hata ndimu. Omba kijiko cha chokaa, kiweke kwenye glasi, mimina siki. Chokaa iliyo hai hutulia, au hutoa mapovu machache. Ikifoka povu kama soda, rudisha pesa zako mfukoni: ama imekufa, ama imechanganywa na unga wa mawe. Angalia tu isikuruke machoni, kwa sababu chokaa inaunguza.

Namba moja kwangu, na wala haina mpinzani, ni chokaa ya shimo, yaani iliyolowekwa shimoni au kwenye pipa na kufunikwa maji juu. Maji yanaizuia hewa, basi haifi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kulainika na kunata. Usikubali iliyokaa chini ya miezi mitatu. Ichote kwa mwiko, uugeuze: ibaki imeng'ang'ania kama mtindi mzito. Ukiona vijiwe ndani, ichujwe kwanza, kwani kipande ambacho hakijapata maji ya kutosha huja kuvimba ukutani na kurusha lipu. Halafu muulize mchomaji ametumia jiwe gani na kuni gani. Nikisikia matumbawe yaliyovunjwa baharini na magogo ya mikoko, siichukui hata kama ni nzuri vipi. Jiwe la kuchimbwa nchi kavu linatoa chokaa nzuri vilevile. Hatuwezi kuokoa nyumba za wazee wetu kwa kuua bahari iliyowalisha.

Namba mbili ni chokaa ya mfuko kutoka Tanga, na hapa nasema wazi kwamba napenda ya kampuni ya Neelkanth. Sijalipwa na mtu. Nimepima mifuko yao mipya kwa siki, ikatulia. Nimeiloweka, ikalainika bila madonge. Inatoka karibu, ng'ambo tu ya maji. Lakini hata hiyo ikilala stoo itakufa kama nyingine, basi usiinunue mapema kisha ukaiweka. Siku ileile uliyoinunua, tia maji kwenye pipa, mwaga chokaa ndani ya maji, koroga, ongeza maji mpaka yasimame juu yake kiganja kizima, funika. Usiku mmoja unatosha kwa dharura. Wiki mbili ni bora zaidi. Walioko Kenya wana chokaa ya Koru, na kipimo chake ni hichohicho cha siki.

Namba tatu ni chokaa ya Ufaransa inayoganda hata penye maji, kama ya Saint-Astier. Mfuko umeandikwa NHL, kifupisho cha Kiingereza cha chokaa ya aina hiyo, na namba ya ugumu: 2, 3.5 au 5. Inafaa chini ya ukuta penye unyevu na upande unaopigwa na mawimbi. Chukua 3.5, ile ya 5 ni ngumu mno kwa jiwe letu laini. Bei yake ni ya kuumiza, na safari ya meli ni ndefu, kwa hiyo soma tarehe kwanza.

Saruji kwenye ukuta wa mawe, hapana. Inafungia maji ndani, chumvi inasukuma lipu, na ncha za boriti zinaoza ukutani. Chokaa rahisi ya shamba nayo ni jiwe lililosagwa tu, halijachomwa, haishiki kamwe.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Wanafungua mfuko asubuhi na kupima kwa kilo mpaka jioni, mdomo wazi. Wanahamishia chokaa kwenye magunia yasiyo na tarehe na kushona upya. Ukiuliza, unajibiwa, "Dada, chokaa haiozi." Yule aliyeniuzia alinijibu hivyohivyo niliporudi na kipande cha lipu mkononi, na pesa hakurudisha. Tunalipa nauli ya boti, wapagazi na faida ya watu watatu, halafu tunapewa unga wa jiwe. Mfuko wa chokaa unastahili kuandikwa siku uliyojazwa kama unavyoandikwa mfuko wa saruji, na kwa hili sitanyamaza.

Fundi wetu amesharudi. Ameikwangua lipu yote hadi kwenye jiwe, na safari hii atachanganya chokaa na mchanga wa bara usio na chumvi, pamoja na udongo mwekundu kidogo, matabaka membamba, moja likauke ndipo lipigwe jingine. Mapipa matatu yako chini ya ngazi, yamefunikwa. Mama amekataza yasiguswe mpaka baada ya Idi.