Besi ya Umbo la Fidla kwa Masikio ya Mpiga Besi wa Mombasa

Besi ninayoitathmini hapa ni nakala ya bei nafuu ya Höfner 500/1, ile besi (gitaa la noti nzito) ya kampuni ya Ujerumani, yenye umbo la fidla, ambayo wengi wetu tuliiona kwanza mikononi mwa Paul McCartney wa bendi ya Beatles ya Uingereza. Niliinunua ikiwa imekwishatumika, katika duka moja la vyombo vya muziki katikati ya mji wa Mombasa, na tangu hapo imepanda jukwaa la hoteli, imekwenda harusini, na imevuka kivuko cha Likoni mgongoni mwangu zaidi ya nilivyotarajia. Viwanda vingi vimetengeneza nakala za aina hii, nazo hazitofautiani sana, kwa hiyo jina lililobandikwa kichwani mwake nitaliacha. Hukumu yangu ni kwamba chombo hiki ni kizuri mno kwa kazi fulani na ni mzigo mtupu kwa kazi nyingine, na mpaka baina ya kazi hizo unaonekana wazi zaidi tukivifuata vyombo alivyopitia McCartney mwenyewe, kwani naye aliiweka kando besi hii, akapiga nyingine kwa miaka mingi, kisha akairudia.

Mwaka 1961 Beatles walikuwa wakipiga usiku hadi alfajiri katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani. Mpiga besi wao, Stuart Sutcliffe, alipojitoa ili arudie uchoraji, kazi ilimwangukia McCartney, ambaye hadi wakati huo alikuwa akipiga gitaa na piano. Besi za Fender kutoka Marekani zilimshinda bei. Hii ya Höfner aliipata kwa takriban pauni 30, na kwa kuwa yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, alivutiwa na kiwiliwili chake ambacho pande zake mbili zinalingana, hata ukiigeuza haionekani kama chombo kilichoshikwa kinyume. Yaani chombo kilichokuja kuwa alama ya bendi nzima kilichaguliwa kwa sababu ya mfuko na mkono, jambo ambalo mwanamuziki yeyote wa Pwani anayenunua vifaa kwa malipo ya jukwaa atalielewa bila kufafanuliwa.

Umbo hilo halikuwa pambo. Höfner walikuwa mafundi wa fidla tangu mwaka 1887, na Walter Höfner alipoibuni besi hii katikati ya miaka ya 1950 aliijenga kama fidla inavyojengwa: uso wa msprusi (mti mwepesi wa jamii ya msonobari), mgongo na mbavu za mti mgumu wa mepo, na ndani wazi kabisa. Nakala yangu imefuata mtindo huo, ingawa mbao zake ni za tabaka zilizogandishwa. Matokeo yake ya kwanza ni wepesi. Besi nzito ya Fender huweza kufika kilo nne au zaidi, lakini hii yangu huinuliwa kwa vidole viwili, na mtu anayepiga saa nne mfululizo katika hoteli za Bamburi, kisha akakunja miguu ndani ya tuktuk huku chombo kimemlalia mapajani, huihisi tofauti hiyo begani asubuhi yake. Kasoro inayofuatana na wepesi huo ni kwamba kiwiliwili hakina uzito wa kuisawazisha shingo: ukiuachia mkono wa kushoto ili ugeuze karatasi ya nyimbo, kichwa cha besi kinainama kuelekea sakafuni. Mkanda mpana wa ngozi, ule ambao upande wake wa ndani haukulainishwa, hupunguza tatizo hilo kwa kushika shati, lakini haulimalizi.

Matokeo ya pili ni sauti, na hapa ndipo penye utamu wote. Noti ya besi hii huja nene na ya mviringo, kisha hufifia upesi, karibu sana na sauti ya dabal besi, ile fidla kubwa ya kusimama, inayodonolewa kwa kidole. Urefu wa uzi kutoka daraja, kile kipande kinachoziinua nyuzi usoni mwa besi, hadi mwanzo wa shingo ni kama sentimita 76, ilhali besi ya Fender ina sentimita 86, na uzi mfupi hulegea kidogo zaidi unapokazwa hadi noti ileile. Ulegevu huo ndio unaotoa ule mvumo laini. Niliijaribu harusini Kisauni, katika taarab ya mtindo wa Mombasa, ule wa tabla na kinanda uliotukuzwa na akina Juma Bhalo na Maulidi Juma, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuipigania nafasi na tabla. Besi ya mwili mgumu, isiyo na uwazi ndani, huendelea kuvuma chini ya pigo la tabla na kulifunika, lakini hii inasema neno lake na kunyamaza, kisha tabla inajibu. Mzee mmoja wa kinanda, ambaye kwa kawaida hunitazama tu ninapokosea, aliniambia tulipopumzika, “Leo, mwanangu, besi yako ina adabu.” Katika chakacha pia inafanya kazi nzuri mradi mpigaji asijaze noti nyingi, na katika bango, muziki ambao Mzee Joseph Ngala aliusimamisha juu ya saksafoni, inaiachia saksafoni uwanja wake.

Basi kwa nini McCartney aliiweka kando? Sehemu ya jibu iko studioni. Kampuni ya Rickenbacker ya California ilimpa besi ya 4001S ya mkono wa kushoto mwaka 1965, na tangu hapo ndiyo aliyoitegemea zaidi katika kurekodi. Chombo hicho ni kinyume cha fidla: mwili wa mepo usio na uwazi mkubwa, shingo iliyopita moja kwa moja katikati ya kiwiliwili, na uzi wa takriban sentimita 84.5. Noti yake inakaa muda mrefu, ina ukali wa juu, na inaingia sawasawa hata mbali juu ya shingo. Ukisikiliza rekodi za Beatles za mwaka 1966 na 1967 utasikia besi ikiacha kutembea chini ya wimbo na kuanza kuimba kiitikio chake yenyewe, ikipanda hadi mahali ambapo wapiga besi wengi wa wakati huo hawakuwa na shughuli napo. Sisemi kwamba chombo ndicho kilichomfundisha kutunga hivyo. Ninachosema ni kwamba Höfner isingempa ruhusa hiyo kwa urahisi, na hilo nimelithibitisha kwa nakala yangu.

Sababu yake ni daraja. Katika besi hii daraja halikufungwa wala kugandishwa. Ni kipande cha mbao nyeusi kilichokaa juu ya uso wa besi na kushikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake, na juu yake kuna vipande vifupi vinne vya waya wa freti (ule wa vijiti vya chuma vinavyovuka shingo) vilivyopachikwa katika mifereji. Kurekebisha ulinganifu wa noti ni kuhamisha kipande kutoka mfereji mmoja hadi mwingine, au kulisogeza daraja zima kwa kidole. Njia ninayoitumia ni hii: napiga mlio wa juu kwa kuugusa tu uzi mahali pa freti ya 12, kisha naubana uzi kwenye freti hiyohiyo na kulinganisha, noti iliyobanwa ikiwa juu nalisogeza daraja nyuma, ikiwa chini nalisogeza mbele, na ninapopata mahali pake natia alama ndogo ya penseli usoni mwa besi. Bila alama hiyo, siku ya kubadilisha nyuzi ni siku ya kuanza upya. Hata baada ya kazi yote hiyo nyuzi mbili zitakuwa sawa, wa tatu utakaribia, na ule mnene utabaki na kasoro yake. Chini ya freti ya saba huwezi kuisikia. Ukipanda kwenda kuimba kama zile besi za mwaka 1967, mpiga kinanda ataisikia kabla yako.

Hewa yetu haisaidii. Wakati wa masika uso wa besi huvimba kidogo, daraja likainuka nao, na nyuzi zikawa mbali na shingo kiasi cha kuchosha kidole kidogo. Kaskazi ikiingia hali inabadilika tena. Daraja lina skurubu mbili za kuliteremsha, kwa hiyo jambo hili linatengenezeka kwa dakika chache, lakini mnunuzi ajue kwamba hiki si chombo cha kurekebishwa mara moja na kusahauliwa. Chumvi ya baharini nayo ilikuwa imekula swichi moja kati ya tatu kabla sijainunua, jambo ambalo muuzaji hakulitaja, na fundi wa redio mtaani alilimaliza kwa kuisafisha. Swichi hizo, kwa njia, zimeandikwa maneno yanayochanganya kuliko kuelekeza: mojawapo inapunguza sauti ya besi nzima ukiiweka upande wa kupiga mdundo, na nimemwona mwenzangu akihangaika na amplifaya usiku kucha kumbe tatizo liko kwenye swichi. Funga macho, uzijaribu, na uamini masikio.

Kuhusu nyuzi, usikubali ushauri wa kutia zozote zilizopo dukani. Nyuzi za kawaida zimepimwa kwa besi ndefu, na sehemu yake nene ikizungushwa kwenye kigingi cha besi fupi hukakamaa au kukatika. Tafuta nyuzi za besi fupi, na zikiwa bapa ni bora zaidi, yaani zile ambazo waya wake wa nje ni utepe laini wala si duara. Nyuzi bapa ndizo zinazoleta ile sauti ya dabal besi, na kwa kuwa hazina mikwaruzo mingi ya kuhifadhi jasho na chumvi, kwangu zimedumu kuliko za duara. Bei yake ni chungu, na aghalabu huagizwa Nairobi au ng’ambo. Ziwekee bajeti siku hiyohiyo unaponunua besi.

Jukwaa kubwa ndilo adui wake wa mwisho. Mwili ulio wazi hupokea sauti ya spika na kuirudisha, na ukisimama karibu na amplifaya iliyofunguliwa kwa kiwango cha klabu za Mtwapa, besi inaanza kulia yenyewe bila kuguswa. Beatles walipoanza walikuwa na amplifaya ndogo sana kwa vipimo vya leo, na hata walipofikia za wati 100 mayowe ya mashabiki yaliwashinda. McCartney aliendelea kuibeba Höfner yake ya pili, ya mwaka 1963, hadi ziara ya mwisho ya mwaka 1966, na karatasi ya orodha ya nyimbo za onyesho la mwisho ilibaki imebandikwa ubavuni mwake kwa miaka mingi. Mimi huweka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, husimama pembeni mwa spika, na mambo yanakuwa afadhali. Kwa bendi ya zouk au rumba yenye sauti kubwa, chukua besi nyingine.

Baada ya hapo safari ya McCartney ilipita kwenye Fender Jazz Bass, Rickenbacker iliyoendelea kumtumikia katika Wings, bendi yake ya baada ya Beatles, Yamaha BB-1200 mwishoni mwa miaka ya 1970, na Wal ya nyuzi tano katika miaka ya 1980. Vyote hivyo ni vyombo imara, na huo uzi wa tano ni kitu ambacho vijana wetu wa nyimbo za injili hawawezi kukaa bila nacho. Nakala yangu haiwezi kuwapa. Lakini alipoanza kutunga nyimbo na mwanamuziki Mwingereza Elvis Costello, huyo ndiye aliyemhimiza aitoe tena ile Höfner, na tangu albamu ya mwaka 1989 imekuwa ndiyo besi yake ya jukwaani. Naielewa sababu yake kila ninapopiga kwa sauti ya wastani: mkono unakuwa mwepesi, vidole vinaacha kubonyeza kwa nguvu, na mtu anajikuta akipiga noti chache zilizochaguliwa vizuri.

Ile besi ya kwanza ya mwaka 1961 iliibwa London mwaka 1972, na habari za kurudishwa kwake zilitangazwa Februari 2024. Ina tofauti moja inayomhusu mnunuzi: vinasa sauti vyake viwili, yaani vifaa vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, vilikaa karibu karibu upande wa shingo, ilhali ya mwaka 1963 ina kimoja karibu na shingo na kingine karibu na daraja. Nakala yangu imefuata mpangilio wa pili, nami naupendelea, kwa sababu kinasa cha daraja kikichanganywa kidogo huipa noti ncha ya kusikika katika ukumbi wenye mwangwi. Ukikutana na nakala za aina zote mbili, jaribu kila moja kwa amplifaya utakayoitumia, si ile ya dukani.

Na ikiwa unapiga kwa mkono wa kushoto, huenda hii ndiyo besi rahisi zaidi kuipata mjini hapa, kwa kuwa za kushoto hasa haziletwi ovyo. Nakala ya mkono wa kulia hugeuzwa kwa kubadilisha mpangilio wa nyuzi, kulizungusha daraja, na kumwomba fundi akate upya kile kipande cha mifereji kilichoko mwanzo wa shingo. Kiwiliwili chenyewe hakitakataa. Usumbufu utakaobaki ni kwamba swichi na vidhibiti vya sauti vitahamia juu, mahali ambapo mkono hupumzika, na utavigusa bila kukusudia hadi mkono uzoee.