Uzoefu wangu: kulala kwenye tembe pembezoni mwa Hifadhi ya Ruaha

Loji nyingi za ukanda wa Ruaha hujinadi kuwa zimejengwa kwa vifaa vya asili, lakini ukitazama juu unakuta makuti yaliyosafirishwa kutoka Pwani, yakibebwa na nguzo za zege. Niliyolala mimi imefuata kwa kiasi kikubwa tembe ya Wahehe na Wagogo, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, na kwa hilo inastahili kuelezwa kwa undani.

Kuta za vyumba vya zamani ni za matofali mabichi, yaliyofyatuliwa kwa udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwakatwa, kisha yakaanikwa juani. Kwetu Iringa, ambako tumezoea matofali ya kuchoma, jambo hili si dogo, kwani tanuri la matofali hula kuni nyingi mno. Aidha, anayetoka Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, akashuka huko mwezi wa Oktoba, hukutana na joto asilolizoea. Saa nane mchana bati la kibanda cha walinzi lilikuwa haligusiki, ilhali mimi nilikuwa nimelala chumbani bila feni, tena nimejifunika shuka. Ukuta ni mnene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kukaa dirishani, na joto la mchana huchukua saa nyingi kuupenya. Hata hivyo, joto hilo hufika ndani usiku, wakati nje kumeshapoa, kwa hiyo ni lazima kufungua madirisha mara jua linapozama. Mhudumu alipaswa kunieleza hivyo mapema.

Paa ni bapa: boriti, juu yake fito, kisha nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Fito zimefungwa kwa kamba za magome ya miti, wala sikuona msumari. Nilimkuta fundi akikandika upya kona moja kabla ya mvua, nikamuuliza kama kazi hiyo ni ya kila mwaka. “Mwanangu,” alinijibu, “tembe ukiisahau msimu mmoja, mvua yenyewe itakukumbusha.” Mchwa nao hawalali, chini ya boriti moja nilikuta unga wa mti sakafuni kila asubuhi.

Kuoga ni kwa ndoo ya kuning'inizwa yenye bomba. Sikulalamika, kwa kuwa Mto Ruaha Mkuu wenyewe, tangu miaka ya 1990, hukatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Chakula ni cha kawaida, kinashibisha.

Lalamiko langu ni kuhusu vyumba vipya, ambako nilihamishiwa usiku wa mwisho. Kuta zake ni za saruji iliyopakwa rangi ya udongo, na chini ya nyasi za paa kuna bati. Adhuhuri ndani hapakaliki, na bei ni ileile. Wenye loji walijitetea kwamba mafundi wa tembe wamekuwa adimu, nami nawaelewa, lakini mgeni angeambiwa ukweli kabla ya kulipa.

Anayeweka nafasi ataje wazi kwamba anataka chumba cha zamani. Akisafiri na mzee, aulize pia urefu wa mlango, kwa maana milango mingi ya tembe hizo ni mifupi na mtu hulazimika kuinama kila anapoingia.