Saikloni ya plastiki kwenye ndoo ya rangi: uzoefu wangu karakana ya nyumbani

Karakana yangu iko uani, Iringa mjini, kwenye chumba kilichokuwa stoo. Kazi kubwa ni mbao za paini kutoka Mafinga, mninga nikibahatika kuupata, na MDF, yale mabao ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, pale mteja anapotaka kabati la bei nafuu. Vumbi nilikuwa nalikamata kwa vakyumu ya lita 20, ile inayofyonza na maji, nimeiunga moja kwa moja kwenye mashine ya msasa. Anayeitumia hivyo anajua inavyokwenda: inaanza kwa kishindo, ukipiga msasa mlango wa pili imeshachoka, na ukiifungua filta imevaa koti zima la unga. Unatoka nje kuikung'uta, na nusu ya vumbi ulilolikamata linakurudia usoni.

Ndipo nikaagiza saikloni, kifaa cha kutenga vumbi kabla halijafika kwenye vakyumu, kutoka Gerezani, Kariakoo, ikaja kwa basi. Ni koni nyeusi ya plastiki isiyo na jina la kampuni, na pamoja na nauli ya mzigo haikufika laki moja. Ndani ya boksi kuna koni, skrubu na mpira mwembamba wa kuzibia, basi. Ndoo unajitafutia. Mimi nilichukua ya rangi ya lita 20, nikatoboa mfuniko, nikaifunga koni juu yake.

Inavyofanya kazi si uchawi. Hewa inaingia kwa ubavuni, inazunguka kwa kasi kwenye ukuta wa koni, vumbi zito linasukumwa pembeni na kuporomoka kwenye ndoo, hewa iliyobaki inapanda katikati kwenda kwenye vakyumu. Hakuna injini wala filta, kwa hiyo hakuna cha kuharibika.

Na inafanya kweli. Kwa msasa, karibu unga wote unaishia kwenye ndoo. Seti nzima ya milango ya kabati la jikoni ilikwisha na vakyumu ikivuta vilevile kama nilivyoiwasha, na filta ilipofunguliwa ilikuwa na utando tu ambao kidole kinaufuta. Kwangu hiyo peke yake inatosha kulipa gharama. Angalizo moja: usiache ndoo ijae. Unga ukikaribia shingo ya koni, upepo unauchota tena na kuupeleka kwenye filta, halafu unaanza kuilaumu saikloni bure.

Sasa malalamiko. Mpira wa kuzibia unaokuja nao ni wa kuficha aibu tu. Niliwasha udi, nikaupitisha taratibu kuzunguka mfuniko huku vakyumu inavuta: moshi ukawa unazama ndani sehemu tatu. Panapoingia hewa ya wizi hapo chini, vumbi halitulii, linanyanyuliwa juu. Nimepaka silikoni pande zote na moshi sasa unapita bila kugeuka. Midomo ya koni nayo haioani na mipira mingi ya vakyumu; nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivuta juu ya maungio na kukibana kwa klipu, kimeshika kuliko selotepu yoyote.

Jambo la ndoo lisikilizwe vizuri. Ndoo za rangi haziko sawa. Ya kwanza ilikuwa laini, na siku kipande cha mbao kilipoziba mpira wa kuingizia, ikapondeka ubavu kwa mlio uliomtoa mke wangu jikoni. Vakyumu inaponyimwa hewa huvuta ndoo yenyewe. Tafuta yenye ukuta mnene, ya kimiminika kizito, au piga mbao mbili za duara kwa ndani kama mimi.

Halafu shoti. Miezi ya baridi kavu huku Iringa, kuanzia Juni, vumbi likisugua plastiki linajenga umeme, ukigusa koni unarushwa mkono. Si hatari kubwa ila linakera, na kama mkono mwingine uko karibu na msumeno usilichukulie mzaha. Nimezungusha waya wa shaba mtupu kwenye mpira na koni, nikaupeleka ardhini. Limepungua sana.

Kwenye msumeno wa meza matokeo ni nusu kwa nusu. Nimeziba tumbo la mashine kwa plaiwudi na kuacha tundu moja la mpira, sakafu imepona. Ila meno ya juu bado yanarusha vumbi kuelekea kifuani, na hilo linahitaji kifuniko cha juu chenye mvuto wake. Kwa mashine ya randa msijisumbue. Randa inatema maranda mengi kwa mkupuo na inataka hewa nyingi, kama mita za ujazo 10 kwa dakika kupitia mpira wa inchi 4. Vakyumu ina nguvu ya kuvuta lakini hewa yake ni chache, haifiki hata nusu ya hapo. Mpira uliziba kabla ubao haujatoka upande wa pili. Hapo panahitajika mashine ya feni na mfuko mkubwa, hiyo ni bajeti nyingine.

Kuna wauzaji wanaosema ukifunga saikloni hewa inakuwa safi. Si kweli. Ule unga mwembamba kabisa, unaoingia hadi ndani ya mapafu, ndio unaoponyoka kwenye koni, na kazi ya kuuzuia inabaki kwa filta ya vakyumu. Zima taa usiku, washa tochi, utauona unaelea. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao kundi la 1 mwaka 1995, yaani limethibitika kusababisha saratani, hasa ya pua. Kwa hiyo nimebadili filta ya karatasi nikaweka ya HEPA, inayonasa unga mwembamba sana, na barakoa sijaivua, hasa kwa MDF na mvule, ambao hunipigisha chafya hadi kesho yake.

Umeme: vakyumu yangu ni wati 1,400, saa nzima ni uniti 1.4 za LUKU. Ukiiwasha pamoja na msumeno wa wati 1,500 kwenye eksitensheni moja ya soketi ya ampia 13, umefika ukingoni, na waya mwembamba utaunguza mkono. Mimi nimevuta soketi mbili tofauti.

Kama unapiga msasa zaidi ya unavyoranda, nunua bila kusita, ila tenga hela ya silikoni na filta nzuri. Unga wa paini jirani yangu anauchukua kutandika banda la kuku. Wa MDF nautenga kwenye mfuko wake, una gundi, na kuku hawapewi.