Daftari la kujitambua au kaunta buku ya Kariakoo?

Maduka ya vitabu na zawadi ya Dar es Salaam siku hizi huuza madaftari ya "kujitambua": jalada la maua, utepe wa kuashiria ukurasa, na maswali yaliyochapwa tayari. Weka moja kando ya kaunta buku ya kwaya 2 (kwaya ni kipimo cha unene wa daftari), ile ile ambayo mwenye duka la mtaani huandikia madeni. Kwa kazi ya kujijua, kaunta buku inashinda, na si kwa bei tu.

Kinacholiangusha daftari la maua ni maswali yake. "Ndoto yako kubwa ni ipi?" "Jieleze kwa maneno matatu." Mtu aliyeshuka daladala ya Mbagala saa mbili usiku, shati limeloa jasho, atajibu kama yuko kwenye usaili wa kazi: mchapakazi, mwenye upendo, mcha Mungu. Hayo ni majibu ya sebuleni, ya kumpa mgeni. Mengine yamechapwa kwa Kiingereza, na anayejieleza kwa lugha asiyoitumia hata kugomba huishia kuandika nafsi ya kuazima.

Halafu kuna "kwa nini", ambayo madaftari haya yanaipenda mno. Mwaka 1991 wanasaikolojia Timothy Wilson na Jonathan Schooler walichapisha utafiti wa kuonja jemu. Wanafunzi walioambiwa wachambue sababu za kupenda kila jemu walitoa alama zilizokuwa mbali zaidi na za wataalamu kuliko wenzao walioonja tu. Ukiulizwa sababu, unashika ile inayosemeka kwa urahisi, kisha unaiamini.

Kaunta buku haiulizi kitu, kwa hiyo utaratibu ni wa kwako. Kwaya 2 huwa na kurasa 192. Zipe namba zote, acha 4 za mwanzo kwa faharasa. Zinabaki 188. Ukurasa wa 5 na wa 192 hukosa mwenza, kwa hiyo unapata jozi 93 za kushoto na kulia, miezi mitatu hivi. Kushoto andika kila usiku, dakika 15 zinatosha: ulichofanya bila kusukumwa, ulichokubali huku moyo ukikataa, nani alikuwepo, na mwili ulikuwaje. Andika tukio, usiandike sifa. "Nimemwahidi shemeji mchango wa harusi, hela sina, tumbo limekaza" ina faida kuliko "mimi ni mkarimu".

Ukurasa wa kulia ni wa tafsiri, usiuguse kwa wiki nne. Kisha soma tangu mwanzo, uzungushie wino mwekundu kila "ndiyo" iliyotoka moyo ukikataa, uzihesabu kwa jina la aliyekuwepo. Zikirundikana kwa mtu mmoja, umepata pa kuanzia. Vilevile hesabu uliyoyafanya bila kusukumwa, hata kama ni kufagia uwanja wa jirani. Wengi hukosea kwa kujaza kulia siku hiyo hiyo. Tafsiri ya moto moto huwa utetezi tu.

Siri ni shida ya kweli kwenye chumba cha kupanga. Daftari la juu ya kabati litasomwa, na ukishamwogopa msomaji unaanza kumwandikia yeye. Hapa jalada la maua linaita macho. Kaunta buku iliyoandikwa "Hesabu" haina mwenye hamu nayo.

Machungu ya zamani yana tahadhari yake. Katika jaribio la wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall la mwaka 1986, wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Walioandika machungu pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi punde baada ya kuandika, ingawa miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kushuka moyo kwa siku mbili tatu si ajabu. Usingizi ukikatika au huzuni ikafika wiki mbili, funga daftari uende kwa mtaalamu. Hospitali ya Muhimbili wanahudumia afya ya akili.

Ukienda steshenari, fungua kaunta buku katikati kabisa. Ukiona uzi wa kushonea, chukua. Gundi tupu huachia karatasi kwa joto la Dar. Peni ya jeli hupenya karatasi nyembamba ikachafua ukurasa wa nyuma, na kiganja chenye jasho huivuruga, kwa hiyo peni ya kawaida ya buluu inafaa zaidi. Masika usiliweke chini ya godoro lililo sakafuni. Kurasa huvimba na kuota ukungu.