Polishi gani ununue kung'arisha bampa na vyuma vya gari la kizamani hapa Dodoma

Wakuu, kama una Benzi ya kizamani, Beetle au Peugeot 504 nyumbani na bampa zimefifia, kabla hujaenda dukani chukua sumaku upite nayo gari zima, maana hizo tunazoita krome siyo zote krome. Bampa nyingi ni chuma kilichopakwa krome, sumaku inang'ang'ania. Vile vipande vya pembeni na kuzunguka vioo mara nyingi ni stenlesi au aluminiamu; aluminiamu sumaku haishiki kabisa, ila stenlesi nyingine nayo inashika, na kila kimoja kina dawa yake.

Kwa krome namba moja kwangu ni Autosol, ile ya Kijerumani ya kwenye tyubu. Bei imechangamka ila tyubu inakaa sana, unaminya kama punje ya mahindi tu, unasugua kwa tisheti kuukuu ya pamba sehemu ya ukubwa wa kiganja, kitambaa kinatoka cheusi, unafuta na upande mkavu ndio unahamia pengine. Ila ukiona pameanza kuwa na unjano-njano acha hapohapo, krome imeisha umefika kwenye nikeli, yaani tabaka la chini yake, na hakuna polishi ya kuirudisha, hapo ni kupakwa upya.

Ya pili wengi wanaidharau: foili ya jikoni. Kwa vidoti vya kutu kwenye krome sijaona kitu cha bei hiyo kinachoifikia, kunja kipande, chovya kwenye maji, sugua taratibu, kutu inaachia na krome haichubuki kwa sababu aluminiamu ni laini kuliko krome. Ukimaliza ndio unapitisha Autosol.

Ya tatu Brasso, ile askari wanasugulia vyuma vya mikanda. Inapatikana kirahisi, inafaa kwa krome ambayo haijachoka sana, ila harufu ni kali, fanyia nje.

Stenlesi ndio inavumilia. Ikiwa na mikwaruzo nunua msasa wa maji namba 800, 1000, 1500 mpaka 2000, ufuate huo mpangilio bila kuruka, halafu umalizie na kampaundi ya mafundi rangi. Huo msasa usiguse krome kabisa!

Aluminiamu sasa, hapa kuwa makini. Jaribu polishi kidogo sehemu iliyojificha, kitambaa kikiwa cheusi papo hapo ujue iko wazi, endelea. Kisipobadilika basi ina lile tabaka la kiwandani la kuikinga, hiyo ioshe kwa sabuni laini tu, maana ukisugua tabaka likatoka limetoka.

Visivyofaa kabisa: stilwaya ya masufuria, inachora. Dawa ya choo yenye asidi, inakula krome yenyewe. Dawa ya meno inasaidia kidogo sana, kapige nayo mswaki.

Halafu vumbi letu hili la kiangazi lina mchanga ndani, kwa hiyo osha kwanza kwa maji mengi kabla hujagusa kitambaa, ukisugua juu kwa juu unachora mwenyewe. Na hela ikibaki nunua waksi ya gari ya kopo, paka nyembamba sana baada ya polishi, na siku ukimwagia maji ukaona yanatandaa badala ya kujikusanya matone, paka tena.